Mjane, Nyumba na Sheria za Kaisari Justinian



Katika jumuiya yetu ya msingi, hapa Lubumbashi, mjane mmoja aliniletea karatasi siku chache baada ya matanga. Ndugu za marehemu walikuwa wamekwisha kuja mara mbili kuuliza funguo za nyumba. Mara ya kwanza walikuja kwa upole. Mara ya pili walikuja na mtu wa kupima kiwanja. Karatasi ile aliandikiwa na mtu anayejua mambo ya mahakama, nayo ilikuwa kwa Kifaransa. Mama aliielewa yote isipokuwa neno moja, na neno hilo ndilo lililobeba shauri zima: usufruit. Akaniuliza, "Mwalimu, hili neno linanipatia nyumba ao linaninyang'anya?"

Nilimjibu kwamba linampa haki ya kukaa. Kwa Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987, mume au mke aliyefiwa ana haki ya kuitumia nyumba ambamo aliishi na mwenzake, pamoja na vyombo vyake, hata kama mali yenyewe imekwisha kuwa ya warithi. Hawezi kuiuza, wala wao hawawezi kumtoa. Hiyo ndiyo maana ya neno lile: kutumia kitu cha mwingine na kuchuma matunda yake bila kukiharibu kitu chenyewe, kama mtu anayekula maembe ya mwembe ambao si wake na ambao haruhusiwi kuukata.

Alipokwenda zake, mimi nilibaki na neno. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa historia ya Roma kwa tarehe na vita, na wengi wetu tuliifundisha vivyo hivyo, tukiamini kwamba mambo yale yalikwisha. Kumbe neno lililomlinda mama yule ni la Kilatini, ususfructus, na maana yake imeelezwa, karibu kwa namna ile ile niliyomweleza, katika kitabu cha wanafunzi wa sheria kilichotolewa Konstantinopoli mwezi wa Novemba mwaka 533, kwa amri ya Kaisari Justinian.

Justinian alitawala Dola ya Roma ya Mashariki, ile ambayo wanahistoria wa baadaye waliiita Bizanti, tangu mwaka 527 hata mwaka 565. Hakuzaliwa katika jumba la kifalme. Alitoka katika kijiji cha wakulima katika nchi za Balkani, akaitwa mjini na mjomba wake Justin, askari aliyepanda vyeo hata kuketi juu ya kiti cha enzi. Mkewe, Theodora, alikuwa amecheza michezo ya jukwaani, kazi iliyodharauliwa sana siku zile. Na ilibidi sheria iliyokataza watu wa cheo kuoa wanawake wa namna hiyo ibadilishwe kwanza, ndipo waoane.

Ukiwauliza watu wa zama zake ni jambo gani litakalodumu katika matendo ya Kaisari huyu, wangekuonyesha vita na majengo. Jemadari wake Belisarius aliutwaa mji wa Karthago, katika Tunisia ya leo, mwezi wa Septemba 533, na ufalme wa Wavandali ukaanguka. Kisha vikaja vita vya Italia, vilivyoendelea karibu miaka ishirini, vikaacha Roma yenyewe magofu. Kanisa kuu la Hekima Takatifu lilijengwa kwa miaka isiyofika sita na kutabarukiwa tarehe 27 Desemba 537. Katikati ya hayo, mwaka 541, tauni ilitokea Misri, ikaingia mji mkuu mwaka uliofuata, ikaua watu wasiohesabika. Kaisari mwenyewe aliugua akapona.

Nini kilibaki? Walombardi waliingia Italia mwaka 568, miaka mitatu tu baada ya kifo chake. Karthago ulitwaliwa na majeshi ya Waarabu mwaka 698. Kanisa la Hekima Takatifu lingali limesimama, lakini limekuwa msikiti, kisha makumbusho, kisha msikiti tena. Hazina iliyojengwa na waliomtangulia aliimaliza kwa vita, na kodi zake zilisababisha kilio mahali pengi. Tena mikono yake haikuwa safi. Mwezi wa Januari 532, watu wa mji mkuu walipoasi wakipiga kelele ya "Nika", maana yake "Shinda", askari waliwafungia katika uwanja wa mashindano ya farasi na kuwaua. Procopius, mwandishi aliyeishi siku zile, anataja maiti zaidi ya elfu thelathini.

Kilichobaki ni karatasi. Ama tuseme ngozi za wanyama, maana ndizo zilizoandikiwa.

Justinian alikuta sheria za Roma zimetapakaa katika vitabu vya miaka elfu moja. Mwamuzi mmoja alitegemea kitabu hiki, mwingine kile, na vingine vilipingana. Mwezi wa Februari 528 aliteua tume ya kukusanya amri za makaisari, na mwaka uliofuata Codex ya kwanza ikatoka. Toleo lake la pili, la mwaka 534, ndilo tulilo nalo. Mwishoni mwa mwaka 530 akamwagiza Tribonian, waziri wake, kazi kubwa zaidi: kusoma maandishi yote ya wanasheria wa kale na kuchagua yaliyo bora. Kaisari mwenyewe anasema kwamba vitabu vilikuwa karibu elfu mbili, vyenye mistari milioni tatu, na vilipunguzwa hata kufika mistari laki moja na nusu. Kazi hiyo, iitwayo Digesta, ina vitabu 50, nayo ilikwisha kwa miaka mitatu. Mimi niliyewahi kuketi katika tume ya kupatanisha programu ya somo moja tu, tena tukashindwa, nashangazwa na miaka hiyo mitatu kuliko na vita vyote vya Belisarius. Kwa wanafunzi kilitungwa kitabu kifupi, Institutiones, na amri mpya zilizofuata zikaitwa Novellae.

Yafaa kusema wazi kwamba Justinian hakuzitunga sheria zilizo nyingi humo. Alizikusanya. Maneno ni ya watu waliokwisha kufa miaka mia tatu kabla yake: Ulpian, mtu wa Tiro katika Lebanoni ya leo, ambaye peke yake ametoa zaidi ya theluthi moja ya Digesta, na Salvius Julianus, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini, katika Tunisia ya leo, mmoja wa wanasheria wakubwa kupita wote katika historia ya Roma. Yaani katika kisima hiki, tangu mwanzo, yamo maji ya Afrika.

Ili tuone namna wazee wale walivyofikiri, nichukue kisa kimoja tu kutoka kitabu cha tisa. Kinyozi ameweka kiti chake mahali pa wazi, karibu na uwanja ambapo vijana wanacheza mpira. Anamnyoa mtumwa wa mtu. Mpira unapigwa kwa nguvu, unaugonga mkono wa kinyozi, wembe unakata koo la mtumwa. Nani alipe? Mmoja anasema kosa ni la yeyote aliyezembea kati yao. Mwingine anasema kosa ni la kinyozi, maana aliweka kiti mahali ambapo watu wana desturi ya kucheza. Kisha lasemwa neno la tatu: mtu akijikabidhi kwa kinyozi aliyeketi mahali pa hatari, na ajilaumu mwenyewe.

Nani kati yetu asiyemjua kinyozi huyo? Yuko Katuba, yuko Kenya, yuko Kampemba, chini ya mwembe kando ya avenyu, na pikipiki za abiria zinampita hatua mbili kutoka kwenye kiti chake. Kisa kile kingeweza kutokea jana jioni. Na swali ambalo mwamuzi wetu wa leo angeuliza ni lile lile: nani alikosa uangalifu? Sheria yetu ya mikataba na wajibu, katika kifungu chake cha 258, yasema kwamba mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, hana budi kuilipa. Mawakili wote wa mjini wanakijua kifungu hicho kwa moyo.

Lakini tusipite haraka. Aliyekatwa koo katika kisa kile ni mtumwa, na hasara inayohesabiwa ni ya bwana wake. Institutiones yenyewe inakiri kwamba kwa sheria ya maumbile watu wote walizaliwa huru, na kwamba utumwa umepingana na maumbile; halafu, baada ya kukiri hivyo, inaendelea kueleza kwa utulivu namna mtu anavyomilikiwa, anavyouzwa na anavyorithiwa. Wanasheria wale waliiona kweli, wakaiandika, wakaipita. Sisi wajukuu wa watu waliofungwa kwa kamba katika njia za Katanga kwenda pwani za bahari mbili hatuwezi kuisoma kurasa ile kama mtu wa Bologna anavyoisoma.

Nimetaja Bologna, kwa maana ndiko safari ya vitabu hivi kuja kwetu ilikoanzia. Baada ya Justinian, Digesta ilisahauliwa katika nchi za Magharibi kwa karne kadhaa. Mwishoni mwa karne ya 11 walimu wa Bologna, wa kwanza wao akiwa Irnerius, walianza kuisoma na kuieleza mstari kwa mstari, na wanafunzi wakawajia kutoka Ulaya yote. Katika mji huo huo, kama mwaka 1140, Gratian alikusanya sheria za Kanisa, na wanasheria wa Kanisa waliomfuata walijifunza ufundi wao kwa Warumi. Karne zikapita. Mfaransa mmoja, Robert Pothier, mwamuzi na mwalimu wa Orléans, aliipanga Digesta upya, kisha mwaka 1761 akatoa kitabu juu ya wajibu unaotokana na mikataba. Napoléon alipotoa Kitabu chake cha sheria za raia tarehe 21 Machi 1804, watungaji wake walimfuata Pothier mahali pengi karibu neno kwa neno. Ubelgiji wakati ule ulikuwa chini ya Ufaransa. Ulipojipatia uhuru mwaka 1830 uliendelea kukitumia kitabu kile. Na tarehe 30 Julai 1888, Mfalme Léopold II alitoa amri juu ya mikataba na wajibu kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo, iliyochotwa katika kitabu cha Wabelgiji. Amri hiyo ndiyo iliyo na kifungu cha 258. Haijafutwa mpaka leo.

Fikirini tarehe hiyo. Mwaka 1888 mji wetu haukuwapo. Élisabethville ulianzishwa mwaka 1910. Katika nchi hii aliyetawala ni Msiri, naye aliketi Bunkeya, akipokea kodi za pembe na shaba na kuamua mashauri kwa sheria alizozijua. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba mbali kule Ulaya mikataba ya watu wake imekwisha kupewa vifungu. Miaka mitatu baadaye, tarehe 20 Desemba 1891, aliuawa kwa risasi na afisa wa msafara wa Stairs. Hivyo ndivyo sheria ya Justinian ilivyofika Katanga: bila kuulizwa hodi. Na ilipofika, haikuwa ya wote. Wakati wa ukoloni Mzungu alifuata sheria iliyoandikwa, na mwenyeji alihukumiwa kwa desturi ya kabila lake, isipokuwa wachache walioandikishwa katika daftari la wastaarabu. Mama zetu hawakuwa na usufruit.

Hapo ndipo ninaporudi kwa mjane wetu, kwa sababu jambo lake lina mizizi miwili. Watu wa Lubumbashi wametoka katika koo za namna mbalimbali. Kwa baadhi yetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mali ya marehemu humwendea mpwa wake. Kwa wengine, kama vile Waluba, ni ya ukoo wa baba. Namna zote mbili zinakutana katika neno moja, kwamba mke amekuja kutoka nje. Roma ya kale ilikuwa karibu hivyo. Mali ilifuata ukoo wa wanaume, na jamaa wa upande wa baba, hata akiwa wa mbali, alitangulia ndugu waliofungamana kwa njia ya mama. Mwaka 543, katika Novella ya 118, Justinian aliubomoa utaratibu huo. Aliweka urithi juu ya damu: kwanza watoto na wazao, wanaume na wanawake sawasawa, bila kuuliza kama udugu umepitia kwa baba au kwa mama. Kwa Warumi wenzake lilikuwa badiliko zito, nami nafikiri wazee wao walinung'unika kama wazee wetu walivyonung'unika mwaka 1987.

Maana Sheria ya Jamaa ya mwaka ule ilifanya jambo la namna hiyo kwetu. Inawapa watoto wa marehemu robo tatu za urithi, na robo inayobaki inawahusu mwenzi aliyefiwa, wazazi na ndugu za marehemu. Haikutupa desturi zote: mahari imo, na familia mbili zimo. Mtu akisema kwamba ni sheria ya Wazungu, amesema nusu ya kweli. Watungaji wake walikuwa Wakongo, na baadhi ya yaliyotoka Ulaya katika sheria ile hayakutoka kwa Justinian hata kidogo. Kwa mfano, sharti kwamba mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufunga mkataba lilikuwa la Napoléon. Chini ya Justinian mke mtu mzima alikuwa na mali yake na aliweza kushitaki. Kwetu sharti hilo lilifutwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Yaani miaka mingi tuliudhania kuwa ni utaratibu wa wazee wetu, kumbe ulikuwa wa jenerali mmoja wa Ufaransa.

Mjane wetu bado anakaa katika nyumba yake. Shemeji mkubwa alisomewa kifungu mbele ya wazee wa avenyu, akanyamaza muda mrefu, akauliza kama hata yeye, akifa, mkewe atapata hiyo usufruit. Akajibiwa ndiyo. Funguo hazikuulizwa tena.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa nimemsifu Kaisari kupita haki yake. Digesta ina mistari mingine, ambayo nayo ilisafiri. Ulpian aliandika kwamba mtawala hafungwi na sheria, na kwamba lile linalompendeza mtawala lina nguvu ya sheria. Justinian hakuyaacha maneno hayo nje alipochagua. Aliyaweka ndani, na aliyatumia hata katika nyumba ya Mungu.

Ilikuwa hivi. Akitaka kuwapatanisha Wakristu wa Misri na Siria waliokataa Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451, Kaisari alitoa amri kwa mkono wake mwenyewe ya kulaani maandishi ya walimu watatu waliokwisha kufa karne moja kabla, mambo yaliyoitwa Sura Tatu. Papa Vigilius alichukuliwa kutoka Roma mwaka 545, akakaa Konstantinopoli miaka mingi, akisongwa huku na huku: leo akikubali, kesho akikataa. Waliosimama imara zaidi ni maaskofu wa Afrika, wale wale ambao majeshi ya Kaisari yalikuwa yamewaokoa katika dhuluma ya Wavandali. Facundus, askofu wa Hermiane, aliandika vitabu kumi na viwili kumkumbusha Kaisari kwamba kazi yake ni kutunza sheria za Kanisa, si kuzitunga. Mwaka 550 maaskofu wa Afrika walikata ushirika na Papa mwenyewe kwa sababu alikuwa amejipinda. Reparatus, askofu wa Karthago, alivuliwa kiti chake akapelekwa uhamishoni. Mtaguso wa mwaka 553 ulikwisha kupokelewa na Kanisa zima, nami sina neno juu ya mafundisho yake. Ninalolitazama ni namna: mtu aliyewafundisha watu wote kwamba mkataba unamfunga aliyeufanya, yeye mwenyewe hakutaka kufungwa na lolote.

Sisi wa umri wangu tuliyaona hayo tukiwa watoto. Mwaka 1972 majina yetu ya ubatizo yalikatazwa, na Kardinali Malula alilazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Mwaka 1974 Katiba iligeuzwa, fikra za Rais zikawa fundisho la Taifa, na shule za Wakatoliki zikachukuliwa na Leta, hata zikarudishwa kwa mapatano ya Februari 1977. Wanasheria waliozipa amri zile vifungu vizuri walikuwepo. Tribonian hakosekani kamwe katika jumba la mkubwa.

Liko jambo la tatu, nalo ndilo linaloniuma kuliko yote kwa sababu bado liko chini ya miguu yetu. Katika Institutiones kitu kisicho na mwenyewe huwa cha anayekitwaa kwanza: ndege wa porini, samaki wa baharini, kito kilichookotwa pwani. Na mali iliyokosa mrithi ilikwenda kwa hazina ya Kaisari. Ni wazo jepesi, halina ubaya juu ya ndege. Lakini tarehe 1 Julai 1885, siku za kwanza kabisa za Dola ya Léopold, ilitolewa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Amri ile ile ilikataza kuwanyang'anya wenyeji ardhi wanayoikalia. Basi kila kitu kilitegemea swali moja: ardhi yenye mwenyewe ni ipi?

Mtu wa Katanga alilima kwa kukata matawi, kuyachoma na kupanda juu ya majivu, kisha akahama na kuuacha msitu urudi miaka mingi kabla ya kuulima tena. Alikuwa na mbuga za kuwinda, mito ya kuvua, mahali pa chumvi, na machimbo ya shaba ambako mafundi waliyeyusha mawe ya kijani na kumimina misalaba iliyotumika kama fedha hata mbali sana. Kwa macho ya mwandishi wa Brussels penye nyumba na shamba palikuwa na mwenyewe. Palipobaki palikuwa patupu. Kwa mapatano ya mwaka 1891 Kampuni ya Katanga ilipewa theluthi moja ya ardhi hizo "tupu", na mwaka 1900 ikaundwa Kamati Maalumu ya Katanga kuzisimamia kwa jina la Serikali na la kampuni pamoja. Mwaka 1911 Union Minière ilitoa shaba yake ya kwanza katika tanuru la Lubumbashi, kwa mawe ya mgodi wa Étoile. Mgodi huo una jina lake la kale, Kalukuluku. Mahali pasipo na mwenyewe hapana jina.

Uhuru haukuligeuza wazo hilo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba ardhi yote ni mali ya Taifa, isiyouzika. Sisi tunapewa haki ya kuitumia tu, kwa hati. Ukiitazama vizuri utaona kwamba raia wote wa Kongo tunakaa juu ya ardhi yetu karibu kama mjane yule anavyokaa katika nyumba yake, isipokuwa yeye hawezi kutolewa na warithi, nasi tunatolewa mara nyingi, kampuni inapokuja na kibali cha kuchimba kilichotolewa Kinshasa.

Kumbe katika Codex yake Justinian alihifadhi amri moja ndogo ya mwaka 382, ya makaisari Gratian, Valentinian na Theodosius, juu ya watu wanaochimba marumaru katika shamba la mwingine. Nimeisoma mara nyingi nikiwafikiria wakulima wa Ruashi na wa njia ya Kolwezi. Amri hiyo inawaruhusu kuchimba. Wakichimba, moja ya kumi ya jiwe ni ya hazina, na moja ya kumi ni ya mwenye shamba. Inayobaki ni yao.

Kitabu chetu cha madini, kilichorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, kinagawa kodi ya madini hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mtaa au sekta, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni hutoa sehemu tatu katika kila elfu ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka. Mwenye shamba mwenyewe hulipwa fidia ya hasara: miti yake, mihogo yake, nyumba yake. Fidia huhesabiwa mara moja, kabla ya shimo la kwanza. Ile moja ya kumi ililipwa muda wote ambao jiwe lilikuwa likitoka.